Sarafu Isiwe Refa

Ungejisikiaje kushindwa katika muda wa ziada bila kupewa mpira hata mara moja?

Ndiyo yaliyowapata Buffalo Bills katika futiboli ya Kimarekani, Januari 2022. Walitoka sare ya 36-36 na Kansas City Chiefs katika mechi ya mwondoano. Sarafu ikarushwa, Chiefs wakaanza, wakafunga tachidauni, na mchezo ukaishia hapo, 42-36. Josh Allen, nyota wa Buffalo, akabaki kutazama tu kando ya uwanja.

Wako wanaosema kulinda pia ni kucheza, Buffalo wangewazuia. Ni kweli. Lakini je, walinzi wa Chiefs walijaribiwa lini katika muda huo?

Machi 2022 sheria ilibadilishwa: katika mechi za mwondoano, hata anayeanza akifunga tachidauni, mwenzake naye apate zamu. Mwaka 2025 ikaenezwa hadi mechi za kawaida. Februari 2024, katika Super Bowl, San Francisco 49ers walianza wakapata pointi 3. Chiefs wakajibu kwa tachidauni, wakashinda 25-22.

Bahati na ianzishe mchezo, isiumalize. Au wewe waonaje?