Mwenye Nguvu Asipishwe



Hapana mtu wa visiwa hivi asiyelijua jina la nguo ya marekani. Ililetwa na merikebu za wafanya biashara wa Salem, na biashara yao ikapata nguvu kwa mkataba uliotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said bin Sultan na Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson wa Marekani.

Twautaja mkataba huo leo, lakini si kwa ajili ya nguo. Upande wa Sayyid, neno lake lilitosha. Alipokubali yeye, jambo limekwisha. Upande wa pili, sahihi ya mjumbe haikutosha, wala ya Rais mwenyewe isingalitosha. Karatasi ile ilivuka bahari hadi Washington, ikawekwa mbele ya Seneti, kwani katiba ya nchi ile yasema kwamba Rais hawezi kufunga mkataba na taifa jingine mpaka theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakubali. Walikubali mwaka 1834, ndipo mkataba ukawa mkataba.

Katika tofauti hiyo mna maana yote ya serikali ya katiba. Nasi twaona ni wajibu kuieleza, kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi neno “katiba” limo midomoni mwa kila mtu, na mtu asiyeijua maana ya neno huuziwa mbuzi kwenye gunia. Pili, na hili ndilo zito zaidi, barazani twawasikia baadhi ya wenzetu wakisema, “Ngojeni, zamu yetu yaja, nasi tutawatenda kama walivyotutenda.” Maneno hayo ni matamu kwa mtu mwenye uchungu. Lakini ni sumu, na makala hii yataka kuonyesha kwa nini.

Tuanze na maneno yenyewe, jinsi Wamarekani wayatumiavyo.

La kwanza ni katiba. Hiyo si hotuba, wala si ahadi za chama. Ni sheria iliyo juu ya wale watungao sheria. Ile ya Marekani iliandikwa Philadelphia, ikatiwa sahihi na wajumbe 39 tarehe 17 Septemba 1787, na tangu siku hiyo imepata nyongeza 27 tu. Yahesabu madaraka ambayo serikali kuu imepewa, kama vile kutoza kodi, kupiga sarafu na kutangaza vita. Kisha nyongeza ya kumi, ya mwaka 1791, yasema kwamba madaraka ambayo serikali hiyo haikupewa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa ufupi zaidi: ukipewa shibiri usichukue pima. Mtawala chini ya katiba ni mtu aliyepewa shibiri.

La pili ni mgawanyo wa madaraka. Sisi twaambiwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wamarekani waliweka fahali watatu, tena kwa makusudi. Kongresi, yenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, hutunga sheria, Rais huzitekeleza, mahakama huamua magomvi yanayozuka chini yake. Mtu hawezi kuwa mjumbe wa Kongresi na waziri wa Rais kwa wakati mmoja. Hakimu wa mahakama ya serikali kuu huteuliwa na Rais kwa ridhaa ya Seneti, lakini akisha kukaa hafukuzwi kwa kuwa hukumu yake haikupendeza, na mshahara wake haupunguzwi maadamu yungali kazini. Walioandika hivyo walijua kwamba aliyeshika kibaba cha mtu ameushika na ulimi wake.

La tatu ni kuzuiana. Rais aweza kuukataa mswada kwa kura ya turufu. Kongresi yaweza kuupitisha bila ya ridhaa yake kwa theluthi mbili za kila baraza. Rais ni mkuu wa majeshi. Lakini fedha za majeshi zimo mkononi mwa Kongresi. Rais akitenda kosa kubwa, Baraza la Wawakilishi humshitaki na Seneti humhukumu. Sheria ikiwa kinyume cha katiba, mahakama yaweza kuitangua, nguvu ambayo Mahakama Kuu iliithibitisha katika hukumu mashuhuri ya mwaka 1803.

Tutoe mfano mmoja tu. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Harry Truman alivitwaa viwanda vya chuma kwa amri yake mwenyewe, akikhofu kwamba mgomo wa wafanya kazi utawakosesha silaha askari walioko vitani. Wenye viwanda wakenda mahakamani. Mahakimu 6 dhidi ya 3 wakaamua kwamba hakuna sheria iliyompa Rais uwezo huo. Mahakimu wote tisa walikuwa wameteuliwa ama na Truman mwenyewe ama na Rais Roosevelt, wa chama kile kile. Naye, mkuu wa majeshi ya dola kubwa, akavirejesha viwanda kwa wenyewe. Hakumwondoa hakimu hata mmoja.

La nne ni haki za raia, ambazo nyingi zimo katika nyongeza kumi za mwaka 1791. Wanachama na waangalie jinsi nyongeza ya kwanza ilivyoandikwa. Haisemi kwamba serikali yampa raia uhuru wa kusema na wa kuandika. Yaikataza Kongresi isitunge sheria ya kuupunguza uhuru huo. Tofauti ni kubwa. Kitu ulichopewa na mkubwa, mkubwa aweza kukudai siku akikasirika. Lakini katiba hii yauchukua uhuru kuwa ni mali ya raia tangu mwanzo, na serikali ndiyo iliyowekewa mpaka.

Hata hivyo, maneno mazuri hayajilindi yenyewe. Miaka 7 tu baada ya nyongeza ile, mwaka 1798, chama kilichokuwa kikitawala, cha Federalist, chini ya Rais John Adams, kilipitisha Sheria ya Uchochezi. Ikawa ni jinai kuandika maneno ya uongo na ya kashfa juu ya serikali, Kongresi au Rais. Makamu wa Rais hakutajwa. Kwa nini? Kwa sababu Makamu wa Rais wakati ule alikuwa Thomas Jefferson, kiongozi wa upinzani. Yeye aliachwa atukanwe na kila apendaye.

Wapiga chapa wa upinzani wakashitakiwa. Matthew Lyon, mjumbe wa Kongresi kutoka jimbo la Vermont, akahukumiwa kifungo cha miezi 4 na faini ya dola 1,000 kwa ajili ya maneno aliyoyaandika juu ya Rais. Wapiga kura wake wakamchagua tena hali yungali gerezani.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 1800. Adams akashindwa, lakini kura za Jefferson na za mwenziwe Aaron Burr zikalingana, ikabidi Baraza la Wawakilishi lichague, kila jimbo kwa kura moja. Walipiga kura mara 36. Katika duru ya mwisho, Februari 1801, mjumbe mwingine wa Vermont alijizuia asipige, na kura ya jimbo ikabaki mkononi mwa Lyon. Yule mfungwa wa juzi akaitoa kwa Jefferson. Adams akaondoka bila ya risasi kulia, na Jefferson akaapishwa tarehe 4 Machi 1801. Sheria ya Uchochezi ilikuwa imekwisha muda wake siku iliyotangulia, na Rais mpya akawasamehe waliohukumiwa kwayo.

Kila mpinzani duniani angependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo.

Mwaka 1803, katika jimbo la New York, ambako madaraka yalikuwa mikononi mwa wafuasi wa Jefferson, alishitakiwa mpiga chapa wa chama cha Federalist, jina lake Harry Croswell, mwenye kijigazeti kilichoitwa The Wasp. Kosa lake ni kumwandika vibaya Rais Jefferson. Hakimu akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kuwa maneno yale ni kweli au si kweli si hoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Waliolia jana kwa kufungwa mdomo, leo wenzao ndio waliokuwa wakiwafunga wengine. Tena aliyesimama kumtetea Croswell katika rufani ya mwaka 1804 ni Alexander Hamilton, bwana mkubwa wa chama kile kile kilichotunga Sheria ya Uchochezi. Mahakimu wanne wa rufani wakagawanyika wawili kwa wawili. Lakini hoja ya Hamilton haikupotea, kwani mwaka 1805 baraza la kutunga sheria la New York lilipitisha sheria kwamba kweli iliyoandikwa kwa nia njema ni kinga ya mwandishi.

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye somo. Jefferson hakuwa mtu duni. Ni yeye aliyeandika Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Ikiwa wafuasi wa mtu kama huyo waliusahau uchungu wao ndani ya miaka miwili, nani kati yetu aweza kuapa kwamba hatasahau? Katiba haikuandikwa kwa kuwa watawala wa chama fulani ni wabaya. Iliandikwa kwa kuwa kiti chenyewe humgeuza akikaliaye.

Wala hatuisifu Marekani kupita kiasi chake. Katiba ile ile iliwahesabu watumwa kwa sehemu tatu katika tano za mtu, ili kuwaongezea wajumbe mabwana zao. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Ilibidi vita vipiganwe ndipo nyongeza ya 13 ikauvunja utumwa mwaka 1865. Na ingawa nyongeza ya 15, ya mwaka 1870, ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kunyimwa kwa hila na vitisho hadi sheria ya mwaka 1965. Karibu miaka mia moja haki ilikuwapo katika karatasi na haikuwapo kituoni. Iliyoiteremsha kutoka karatasini ni miguu ya walioandamana na vidole vya waliokwenda kujiandikisha huku wakijua kwamba watapigwa.

Na wasidhani wenyewe kwamba wamesalimika. Tarehe 6 Januari 2021 kundi la watu lilivamia jengo la Kongresi ili kuzuia matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Wajumbe walirudi usiku ule ule wakamaliza kazi yao. Kabla ya hapo, Mahakama Kuu, iliyokuwa na mahakimu watatu walioteuliwa na Rais aliyeshindwa, ilikwisha kukataa kuisikiliza kesi iliyotaka matokeo ya majimbo manne yatanguliwe. Zizi lilitikisika, lakini fahali mmoja hakuachiwa kulimiliki peke yake.

Basi turudi kwa yule mwenzetu wa barazani, asemaye kwamba zamu yetu yaja. Twamuuliza maswali matatu, na twaomba kila tawi liyajadili. Siku hiyo ikifika, tutakubali hakimu tuliyemteua sisi atuambie kwamba tumekosa? Tutakubali gazeti la wapinzani wetu litoke asubuhi na kutusema, nasi tukajibu kwa gazeti na si kwa askari? Na tukishindwa kwa kura, tutatoka ofisini kwa miguu yetu wenyewe? Mwanachama asiyeweza kujibu “ndiyo” mara tatu hapiganii katiba, apigania kiti.

Twadai mipaka kwa wanaotutawala, na ni haki yetu. Lakini dai hilo litakuwa na uzito siku tutakapoitaka mipaka hiyo hiyo ituzunguke na sisi, iandikwe tungali wanyonge, kabla ya utamu wa madaraka haujatupofusha. Tumelelewa kwa methali isemayo mwenye nguvu mpishe. Ni wasia mzuri kwa mtu aliye peke yake katika kichochoro chembamba. Kwa taifa ni wasia mbaya. Mwenye nguvu asipishwe, hata akiwa ni wetu.