Jumla Imekubali, Hela Imepotea

Wauzaji wenzangu, leo naomba tubishane kidogo. Kila nikifungua simu nakutana na mtu anafundisha "piga picha invoisi yako, programu itaijaza Excel yenyewe, wewe pumzika". Mimi nasema usipumzike. Tena nasema kabla hujaiachia programu isome jedwali la mzigo wako, kaa chini uichoree wewe mwenyewe kipi ni kipi. Ukishindwa hilo, bora uandike kwa mkono.

Najua kuna watakaosema naogopa teknolojia. Hapana. Mimi nimeishia form four, Excel nimejifunzia kwenye simu usiku duka likishafungwa, na hizi programu za kusoma nyaraka nazipenda kuliko mnavyodhani. Ila zilishaniumiza, na ziliniumiza kimyakimya.

Ilikuwa Desemba, nimeagiza mzigo kutoka China kwa meli, ndani yake kuna mabegi ya shule niyawahi Januari. Wote mnajua Januari. Invoisi na orodha ya mzigo vilikuja pamoja kwenye PDF moja, mistari 26, vichwa vya kolamu ghorofa mbili: juu uzito, chini yake uzito mtupu na uzito na katoni yake. Pembeni maandishi ya Kichina. Nikaiingiza kwenye programu, dakika moja Excel imejaa. Nikalinganisha jumla ya pisi, sawa. Jumla ya hela, sawa. Jumla ya CBM, sawa. Nikajiona profesa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mabegi yalikuwa saizi tatu, makubwa 40, ya kati 40, madogo 40, na msambazaji aliyachanganya kwenye katoni zilezile. Kwa hiyo kwenye jedwali lake, kolamu ya CBM ilikuwa na kisanduku kimoja kirefu kilichoshika mistari yote mitatu, katikati kimeandikwa 1.2. Mtu akiangalia anaelewa mara moja kwamba hiyo 1.2 ni ya wote watatu. Programu haikuelewa. Iliiweka 1.2 kwenye mstari wa kwanza, wa makubwa, na mistari miwili ya chini ikaiacha wazi. Namba ilisomwa vizuri kabisa, ndiyo maana haikuweka rangi ya onyo popote. Na jumla ingekataaje? 1.2 ni 1.2 hata ukiiweka wapi.

Kwenye Excel yangu nina fomula inagawa gharama ya meli kwa CBM. Sehemu ya mabegi ilikuwa shilingi 720,000. Yote ikaangukia makubwa: 18,000 kwa kila begi. Nimenunua 11,000, ongeza 18,000, nikaona begi kubwa limenifikia kwa 29,000. Nikaliweka 35,000. Ya kati nilinunua 9,000 na usafiri ukasoma sifuri, nikauza 13,000. Madogo nilinunua 7,000, nikauza 10,000.

Jamani, yalivyotoka! Madogo na ya kati yote 80 yaliisha kabla shule hazijafunguliwa. Kuna dada mmoja alichukua madogo 15 akauze tena, nikafurahi nimepata mteja wa jumla. Kumbe mwenzangu alikuwa na macho. Makubwa yalitoka sita tu.

Nilikuja kushtuka Februari, nataka kulipia mzigo mwingine, hela haifiki. Kwenye daftari nimepata faida 280,000 kwenye yale 80, kwenye simu haipo. Nikarudi kwenye PDF yenyewe, siyo Excel, nikakiona kile kisanduku kirefu. Nikapima mabegi kwa rula. Ukichukua nafasi ya dogo kama moja, la kati ni moja na nusu, kubwa ni mbili. Gawa 720,000 hivyo unapata usafiri wa 4,000, 6,000 na 8,000. Maana yake dogo lilinifikia kwa 11,000 nikauza 10,000. La kati 15,000 nikauza 13,000. Hasara ya 120,000 na watu wananipongeza kwenye status kwamba nauza sana. Halafu begi kubwa lililonifikia kwa 19,000, ambalo kwa 25,000 lingetoka bila kelele, 34 yamekaa. Hiyo ni 646,000 ya mtaji imelala kwenye mfuko wa sandarusi.

Ndiyo maana nimekuwa mbishi kwenye hili. Programu ikikosea namba, ikasoma 8 badala ya 3, jumla itakataa na utashtuka. Ikikosea mahali pa kuiweka namba, jumla inakubali na wewe unaendelea kuuza. Kosa la pili ndilo linalokula mtaji, na hakuna anayelisema kwenye hizo video.

Ninachofanya sasa hivi ni kutumia programu za kuweka alama, zile unazofungua nyaraka, unachagua jina la kitu halafu unaonyesha kilipo kwenye ukurasa. Mimi nimetulia kwenye Document Intelligence ya Microsoft. Unaipa mifano, angalau nyaraka tano za aina moja, unaziwekea alama, inajifunza mpangilio wa msambazaji huyo. Ukiwa na msambazaji mmoja anayetuma jedwali lilelile kila mwezi, hapo unafaidi kweli. Kolamu nazipa majina yangu mwenyewe: modeli, pisi kwa katoni, katoni, bei. Siyo "Weight" mbili zinazofanana. Na kile kisanduku kirefu cha CBM sikiweki kabisa kwenye jedwali la bidhaa. Nakipa jina lake pembeni, "CBM ya kundi", halafu kugawa nagawa mimi kwa rula yangu. Mashine haijui begi lipi linajaza katoni.

Kama PDF yako ni ya maandishi halisi, yaani unaweza kuyachagua na kuyakopi, ijaribu Tabula. Ni ya bure, unachora mstatili kuzunguka jedwali, inakutolea. Picha au karatasi iliyoskaniwa haisomi, usihangaike. Label Studio nayo watu wanaitaja. Yenyewe ni ya kuwekea alama, kusoma ni kazi ya kitu kingine, na kuifunga kwenye kompyuta kunataka moyo. Kwa duka la saizi yetu mimi siioni.

Rafiki yangu mmoja wa vipodozi aliniambia, si uandike tu kwa mkono yaishe? Kwa mistari minane namkubalia, nami nafanya hivyohivyo. Mistari 60, saa sita usiku, macho yanauma? Hapo mkono nao unadanganya.

Anayetumia ndege hajapona. Huko unalipa kwa kilo, na uzito wa katoni iliyochanganywa unaandikwa kwenye kisanduku kirefu vilevile. Fungua Excel ya mzigo wako wa mwisho, shuka kwenye kolamu ya CBM au ya kilo. Ukikuta mstari una namba kubwa na iliyo chini yake iko wazi au ni sifuri, usibadilishe bei kwanza. Rudi kwenye PDF uone pale palikuwaje.

Yale makubwa nimeshusha hadi 24,000. Jana yametoka manne.