Gazeti la Michezo si Maiti: Hoja Dhidi ya Wachimba Kaburi

Kila linapozuka suala la magazeti na majarida ya michezo yanayochapwa kwenye karatasi, wasemaji hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wachimba kaburi. Hao hutuambia kwamba simu ya kiganjani imekwisha kumaliza kila kitu, na kwamba anayenunua gazeti la michezo leo ni sawa na mtu anayenunua barafu ilhali ana jokofu nyumbani. Kundi la pili ni la waombolezaji. Hao hukumbuka enzi za foleni kwenye meza za magazeti kila Jumatatu asubuhi, husikitika, kisha huenda zao.

Nakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea, tena kwa sababu ileile moja. Yote yanadhani kazi ya chapisho la michezo ni kumpasha msomaji matokeo. Laiti hiyo ingekuwa ndiyo kazi yake, mjadala ungekuwa umekwisha siku nyingi. Ninachodai ni kwamba kazi yake kubwa ni mbili: kuweka kumbukumbu, na kuwawajibisha wanaotawala michezo na fedha zake. Kazi hizo hazijapata mrithi.

Nianze kwa kuwapa wachimba kaburi haki yao. Ushahidi wao si wa kubuni. Nchini Marekani, The Sporting News, lililoanza kuchapwa mwaka 1886, liliacha karatasi mwaka 2012. ESPN The Magazine, lililozaliwa mwaka 1998, lilitoa toleo lake la mwisho la kawaida mwaka 2019. El Gráfico la Argentina, lililolea vizazi kadhaa vya wapenda soka tangu mwaka 1919, lilisitishwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Hapa kwetu, kampuni ya New Habari iliyokuwa ikichapa Bingwa na Dimba ilisitisha uchapaji wa magazeti yake mwanzoni mwa mwaka 2021. Matokeo ya mechi leo humfikia msomaji kabla waamuzi hawajatoka uwanjani. Katika mbio hizo karatasi imeshindwa, na haitashinda tena.

Lakini tuulize: kilichokufa hasa ni nini? Mfano wenye mafunzo mengi ni Sports Illustrated, jarida lililoanzishwa mwaka 1954 na kujijengea heshima kwa makala ndefu na picha zilizopigwa na mabingwa wa fani hiyo. Mwaka 2019 jina lake lilinunuliwa na kampuni ya kusimamia nembo za biashara, nayo ikalikodisha kwa kampuni nyingine iliendeshe. Novemba 2023 ilifichuliwa kwamba tovuti yake ilikuwa imebeba makala zenye majina ya waandishi wasiokuwepo duniani, huku picha zao zikiwa zile zinazouzwa mtandaoni kama nyuso zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Januari 2024 mwendeshaji alishindwa kulipa dola milioni 3.75 za ukodishaji, leseni ikafutwa, na wafanyakazi wengi wakatangaziwa kuachishwa kazi. Baada ya miezi miwili akapatikana mwendeshaji mwingine.

Msomaji atazame mtiririko huo kwa makini. Kilichoiponza heshima ya jarida lile si karatasi. Kwanza jina lilitenganishwa na kazi ya uandishi, likawa bidhaa ya kukodishwa kama jukwaa la harusi. Anayesema kwamba intaneti ndiyo iliyoua Sports Illustrated anamwachia huru mtuhumiwa halisi, yaani mwenye mtaji anayetaka heshima ya jina bila gharama ya watu walioijenga.

Tukirudi nyuma zaidi tutaona kwamba machapisho ya michezo hayakuwa matarishi tu. Mbio za baiskeli za Tour de France zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto. Giro d'Italia ilianzishwa mwaka 1909 na La Gazzetta dello Sport. Tuzo ya Ballon d'Or ilibuniwa mwaka 1956 na jarida la France Football, na wazo la kombe la klabu bingwa za Ulaya lilisukumwa na wahariri wa L'Équipe hadi mashindano yakaanza mwaka 1955. Walioandika habari hizo walikuwa na wahariri, kumbukumbu, msimamo na anwani ya kushitakiwa. Kwa maneno mengine, zilikuwa taasisi. Ukurasa wa mtu mmoja wenye wafuasi laki mbili unaweza kuwa na kelele nyingi, lakini bado haujawa taasisi.

Sasa nije nyumbani, kwenye suala la kumbukumbu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya bila mabao mjini Abidjan dhidi ya Stella, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Wanafunzi ninaowafundisha hawakuwa wamezaliwa. Habari za siku ile wanazipata vijiweni na kwenye video za dakika moja, na kila msimuliaji ana toleo lake: mmoja atakuambia mechi iliuzwa, mwingine atataja uchawi, wa tatu ataapa kwamba bao halali lilikataliwa. Anayetaka kujua kilichoandikwa na watu waliokuwapo sharti aende maktaba, afunue majalada ya magazeti ya zama zile, kama Uhuru na Mfanyakazi. Katika sehemu ya East Africana ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kazi hiyo inawezekana, kwa sababu sheria ilimtaka mchapishaji awasilishe nakala. Karatasi ikishawekwa rafu haihitaji mtu wa kulipia kikoa kila mwaka.

Linganisha na hali ya mtandaoni. Mwanafunzi wangu mmoja aliyetaka kuandika kuhusu soka la wanawake nchini alikusanya viungo vingi vya habari za Twiga Stars tangu ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, mwaka 2010. Sehemu kubwa ya viungo hivyo haikufunguka. Tovuti moja ilikuwa imehama na kuacha makala zake nyuma. Nyingine ilikuwa imegeuka kuwa duka la kubashiri. Miaka 15 haijatosha hata kumkuza mtoto amalize sekondari, lakini imetosha kufuta historia ya timu ya taifa. Tena mtandaoni kosa hurekebishwa kimyakimya na tuhuma hufutwa usiku bila maelezo. Gazeti lililokosea hubaki na kosa lake, na masahihisho yake huchapwa hadharani yakabaki nalo.

Hoja ya pili ni uwajibikaji. Machi 8, 2025, mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia siku hiyo. Mechi hiyo haikuchezwa hadi Juni 25. Katika muda wote huo mitandao ilifurika matusi, vichekesho na kauli za wasemaji wa klabu. Swali la msingi, yaani kanuni inasema nini, nani ana mamlaka ya kuahirisha, na nani anabeba hasara ya shabiki aliyesafiri kutoka Mwanza au Mbeya, lilizama chini ya kelele hizo. Hilo ni swali la kuandikwa kwa utulivu, kanuni ikiwa mezani na pande zote zikiwa zimehojiwa.

Wala tusidhani kwamba ni michezo tu. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka lilitia saini mkataba wa haki za matangazo na Azam Media wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kampuni za kubashiri zimedhamini vifua vya jezi za klabu zetu kubwa. Fedha za namna hii zinadai mkaguzi asiyelipwa na anayekaguliwa. Klabu sasa zina kurasa na wasemaji wao wenyewe. Mwenye haki za matangazo hawezi kuwa mkosoaji mkali wa bidhaa aliyoinunua, na mtengeneza maudhui anayeishi kwa tangazo la kubashiri hatachunguza kubashiri. Nani amebaki?

Hapa ndipo ninapogombana na magazeti yenyewe. Yalipoona simu inawashinda kwa kasi, yaliamua kushindana nayo katika upuuzi. Kurasa zikajaa tetesi za usajili, vichwa vya habari vya rangi nyekundu visivyolingana na habari iliyo ndani, na Simba na Yanga kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Mtu huyu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, na alileta shaba kutoka London mwaka 2017. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane. Kurasa ngapi zilitumika kueleza anavyofanya mazoezi na anayemlipia kambi, ukilinganisha na zilizotumika kwa mshambuliaji ambaye hata hakusajiliwa?

Najua pingamizi linalokuja: haya yote yanaweza kufanywa mtandaoni. Kweli yanaweza, nami siiabudu karatasi. Suala ni nani anayelipia. Mtandao hulipa mibonyezo, na tetesi hubonyezwa kuliko uchunguzi. Chapisho la vipindi hulipiwa na msomaji aliyeamua kulinunua, naye ana haki ya kudai thamani ya fedha yake. Isitoshe, mtandao wenyewe unakula kwenye sahani ya gazeti: kila asubuhi redio husoma vichwa vya habari vya magazeti, na picha za kurasa za mbele huzunguka katika makundi ya WhatsApp kabla ya saa mbili. Huwezi kula mavuno ya shamba la mtu kila siku, kisha ukatangaza kwamba kilimo kimepitwa na wakati.

Wenzetu waliosoma alama za nyakati wamepunguza kasi badala ya kufunga. Athletics Weekly la Uingereza, lililoanza mwaka 1945, limekuwa la kila mwezi tangu mwaka 2020. France Football lilifanya hivyohivyo mwaka 2021. Matokeo wamewaachia simu. Wao wamebaki na uchambuzi na kumbukumbu.

Kwa hiyo wachapishaji wetu nao waache kuuza habari ya jana kila siku. Watoe chapisho la wiki au la mwezi lenye uchunguzi, takwimu zilizohakikiwa, na riadha, ngumi, netiboli na soka la wanawake. Watumishi wa umma katika wizara, Baraza la Michezo na maktaba wasimamie kwa dhati uwasilishaji wa nakala, waanze kuweka magazeti ya zamani katika mfumo wa kidijiti, na wasitumie matangazo ya serikali kama fimbo. Wanaharakati wanaodai uwazi katika madini na bajeti waidai pia hesabu ya fedha za soka, maana waathirika ni vijana wale wale. Na wanafunzi wangu waache kunukuu video ya dakika moja kama chanzo, waende rafuni.

Anayechimba kaburi la gazeti la michezo leo atuambie kwanza, mwaka 2050 mtoto akiuliza bilioni 225.6 zilikwenda wapi, tutamwonyesha ukurasa gani.