Kidhibiti Mwendo Kibaki

Mwandishi mmoja anadai bodaboda za umeme hapa Sori zing'olewe vidhibiti mwendo, eti omena ifike sokoni mapema na dereva aongeze kipato. Mapema kiasi gani? Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 kwa saa ni dakika 12. Kwa 70, karibu dakika 9. Omena iliyokauka juu ya nyavu kutwa nzima itaoza kwa dakika tatu? Betri ndiyo itakayowahi kuisha, maana mwendo ukipanda, upepo hula chaji maradufu.

Tena anasema mwenye pikipiki ana uhuru na maisha yake. Na mama aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, karai mapajani? Ukitoka 50 hadi 70, breki zilezile huhitaji umbali karibu mara mbili kusimama. Huyo mama nani alimuuliza kabla fundi hajakata waya?