Wasifu wa Kazi Haununuliwi Dirishani

Liko jambo linalotendeka katika milima ya Usambara ambalo halina budi kukemewa. Kijana anayetafuta kazi, awe ametoka Mtae, Mlalo au Mlola, huteremka hadi Lushoto mjini na vyeti vyake katika bahasha, akasimama mbele ya dirisha la steshenari na kumkabidhi mwenye kompyuta maisha yake yote. Baada ya nusu saa huondoka na wasifu wa kazi usio wake. Umeandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ni mchapakazi, hodari, asiyehitaji kusimamiwa. Maneno hayo hayo alipewa aliyemtangulia, na atapewa atakayemfuata. Kinachobadilika ni jina tu.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Ajira za utumishi wa umma husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, iliyoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na marekebisho yake ya mwaka 2007, na maombi hupokelewa kwa njia ya mtandao. Mtandao hauna huruma. Unadai namba ya kitambulisho cha Taifa, wadhamini watatu, na vyeti halisi badala ya hati za matokeo ya muda. Herufi moja ya jina ikikosewa dirishani, mwombaji ndiye atakayejieleza. Mbaya zaidi, mwenye dirisha ndiye aliyefungua akaunti, naye ndiye anayeijua nywila. Wito wa usaili hufika, ukakaa humo bila kusomwa, na kijana akapata habari wenzake wakiwa wamekwisha kurudi.

Tena dirishani huongezwa uzoefu usiokuwapo. Watumishi wa umma hawajasahau Aprili 2017, watumishi 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uongo katika karatasi hauozi, humngoja mwenyewe.

Ajabu ni kwamba ukweli wa kijana huyo ungemfaa zaidi. Ameandika hesabu za kikundi cha wakulima wa kabichi na viazi. Amefundisha masomo ya jioni kijijini. Huenda alikuwa karani wa Sensa ya mwaka 2022. Yote hayo hayaandiki, kwa sababu ameaminishwa kwamba kazi ni ile tu yenye ofisi na mshahara. Hiyo ni kasumba, na kasumba hiyo hakuzaliwa nayo, alifundishwa.

Hapa ndipo lawama inapowageukia waliosoma. Wazee wa utumishi walioajiriwa miaka ya 1970 na 1980 walitoka chuoni wakapangiwa kazi na Serikali. Walimu wengi waliowafuata nao walipangiwa vituo. Hawakupata kujieleza kwa karatasi mbele ya mtu asiyewajua. Leo hao hao huketi barazani na kusema kwamba vijana wa siku hizi hawajui kujitafutia. Ni nani aliyewafundisha?

Baada ya Sensa, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Ni aibu chombo hicho kulala mtoto wa mezani huku mwanafunzi wa jana akilipa fedha ya nauli ya Mombo apate kuandikiwa jina lake mwenyewe. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shule imjenge mtu anayejiamini. Asiyeweza kueleza kwa ukurasa mmoja yeye ni nani na ametenda nini, hajajengwa bado.

Itasemwa kwamba nafasi ni chache, na wasifu mzuri hauzai ajira. Ni kweli. Lakini kwa kuwa ni chache, asiwepo anayeikosa kwa kosa la kalamu ya mwingine.

Kila shule ya sekondari Lushoto itenge saa chache kabla ya mtihani wa mwisho. Kila mwanafunzi aandike wasifu wake kwa mkono, alinganishe majina katika vyeti vyake, ajifunze kufungua akaunti na kuitunza nywila kama atunzavyo cheti. Watumishi wa halmashauri wanaozijua taratibu waende kusaidia. Kazi hiyo haihitaji bajeti; yahitaji moyo.

Mwenye shoka hakosi kuni. Kijana na apewe shoka; msituni atakwenda mwenyewe.