Mizinga mitupu nayo ihesabiwe

Mtafiti wa tabia za wanyama hupata shida kujieleza mbele ya watu wenye haraka. Mwenzake wa kilimo ataonyesha mbegu, wa tiba ataonyesha chanjo. Yeye anafungua daftari lililojaa saa na dakika: ndovu kainua kichwa, ndovu kageuka, ndovu kaondoka. Vyuo vikuu vikitaka kujua kazi hiyo ina uzito gani, huhesabu makala aliyochapisha na mara ambazo wasomi wenzake wameyataja. Hesabu hiyo ni nyepesi kufanya, na ndiyo inayompandisha mtu cheo. Kosa lake ni kwamba husimama pale ambapo manufaa ya utafiti hayajaanza hata kuonekana, na ushahidi uko Sagalla, karibu na Voi, mashamba yanakopakana na makazi ya ndovu wa Tsavo Mashariki.

Habari yenyewe ilianza kwa maneno ya wenyeji. Wafugaji wa Kenya walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ndovu hukwepa mti wenye mzinga, na mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton wakachapisha ushahidi wa kwanza wa kuyaunga mkono. Lucy King, akiwa mwanafunzi wa Oxford, akachukua swali dogo zaidi: je, sauti ya nyuki peke yake inatosha? Huko Samburu, familia za ndovu zilizokuwa zimepumzika kivulini zilichezewa mvumo wa nyuki waliochokozwa, kutoka kwenye spika iliyofichwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kwisha. Zilipochezewa kelele isiyo ya nyuki, ni 4 tu kati ya 15 zilizojisumbua kuondoka. Baadaye ikaonekana kwamba ndovu aliyesikia nyuki hutoa mngurumo wa kuwaonya wenzake, na wenzake wakisikilizishwa mngurumo huo, hata pasipo nyuki mmoja, nao hukimbia. Unene wa ngozi haumsaidii, kwa kuwa nyuki humwendea machoni na ndani ya mkonga.

Makala ya jaribio lile ilitoka mwaka 2007, ikatajwa sana. Kwa kipimo cha vyuo vikuu, kazi ilikuwa imefaulu. Wakati huo hapakuwa na mkulima hata mmoja aliyeokoa gunzi la mahindi kwa sababu yake. Mahindi yalikuja kuokolewa kwa uzio: mizinga inayoning'inia kwenye nguzo kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10, mingine ya kweli na mingine vibao tu vya kumdanganya ndovu, yote ikiunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu anayejaribu kupenya usiku huusukuma waya kwa kifua, mizinga ikayumba, na wenye nyumba wakatoka. Uzio huo ulijaribiwa kwa miaka miwili kwenye mashamba 34 ya Waturkana kaskazini mwa Kenya, nusu yakiwa na mizinga na nusu yakiwa na boma la miiba. Ni dume mmoja tu aliyeuvunja uzio wa mizinga.

Hapa mpinzani ana hoja nzito. Ndovu aliyezuiwa harudi porini na njaa yake. Matokeo yaleyale ya Waturkana yalionyesha kwamba wengine waliufuata uzio hadi mwisho wake, kisha wakapita kwenye miiba ya jirani. Kwa hiyo faida ya mmoja ilikuwa hasara ya mwingine, na asiyeweza kununua mizinga ndiye aliyelipa. Sioni namna ya kuikwepa hoja hii, wala haifai kukwepwa. Ila tuliijua kutokana na watu waliokuwa wakifuata nyayo za ndovu asubuhi baada ya asubuhi na kuandika alikoelekea, likiwemo jambo ambalo halikuwapendeza. Mtafiti anayekimbilia makala inayofuata angeandika kwamba shamba lilisalimika, akafunga safari.

Sagalla inaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Takwimu za miaka tisa, zilizochapishwa mwaka 2024, zinahusu ndovu karibu 4,000 waliosogelea mashamba yenye uzio. Katika misimu ya mazao waliorudishwa walifika hadi asilimia 86, na wakulima waliuza takriban tani moja ya asali. Habari nzuri, na nyingi zilizoandikwa magazetini ziliishia hapo. Takwimu zilezile zinasema kwamba ukame wa mwaka 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na athari hiyo ikaendelea kwa miaka mitatu. Maua yakikauka nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi ndovu kwa muda mrefu. Anayepanga kuweka uzio kama huu kwingine anaihitaji asilimia 75 kuliko ile 86, maana ndiyo inayomwambia apande nini, aweke maji wapi na asiahidi nini.

Wapo watakaosema kwamba kumfuata ndovu miaka tisa ni anasa ya wafadhili, nasi tuna shida za leo. Lakini uzio uliosambazwa haraka kwa nguvu ya misimu miwili ya mvua ungewafikia wakulima wengi mwaka 2017, ukawaacha na mikopo ya mizinga isiyo na nyuki. Kuna pia wanaouliza mtafiti alivumbua nini ikiwa mfugaji alikwisha kujua. Mfugaji alijua habari za mti. Umbali wa mizinga, sauti bila nyuki, mwaka wa njaa, hayo yalihitaji mtu wa kukaa na kuhesabu, na heshima ya ugunduzi inawatosha wote wawili, mradi jina la wenyeji lisiishie kwenye utangulizi.

Kamati za kupandisha vyeo zinaweza kuanza na jambo dogo. Kwenye fomu, chini ya orodha ya makala, iwekwe nafasi ya mtafiti kujaza kazi yake imefuatiliwa shambani kwa misimu mingapi, na katika mwaka mbaya ilikuwaje.