Ndugu aliye Uingereza akipewa notisi ya nyumba

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Magharibi, mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu alitujia akiwa na simu mkononi. Bintiye, mama wa watoto wanne anayeishi Uingereza, alikuwa ameletewa notisi: mwenye nyumba anataka kuuza, mpangaji ampishe ndani ya miezi miwili. Mzee alitaka shauri. Tukampa lile ambalo lingetolewa katika baraza lolote la mtaa huu: binti asingoje aibu ya kutolewa na dalali wa mahakama mbele ya majirani, afungashe vyombo mapema, arudishe funguo kwa wema, kisha ajihifadhi kwa binamu yake mpaka Mwenyezi Mungu atakapofungua njia.

Binti alitii. Alipokwenda halmashauri kuomba msaada, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: kwa nini ulitoka katika nyumba uliyokuwa bado na haki ya kukaa?

Tunaandika haya kwa sababu shauri lile lilikuwa letu, na kwa sababu tunajua kuwa simu za namna hiyo zinaingia katika nyumba zenu pia.

Kwa sheria ya England (Scotland na Wales zina sheria zao), notisi peke yake haimalizi upangaji. Mpangaji asipotoka, mwenye nyumba hana budi kwenda mahakamani, na mwenye mamlaka ya kumtoa ni dalali wa mahakama. Anayetoka kwa hiari yake kabla ya hapo, hali angeweza kuendelea kukaa, anaweza kuhesabiwa kuwa amejikosesha makazi kwa makusudi, na hapo halmashauri huondokewa na sehemu kubwa ya wajibu wake kwake. Kile tulichokiita adabu kiligeuka kuwa ushahidi dhidi ya binti wa watu.

Siku ya kupata notisi ndiyo siku ya kwenda halmashauri. Tangu Aprili 2018, ilipoanza kutumika sheria ya mwaka 2017 ya kupunguza ukosefu wa makazi, halmashauri inawajibika kumsaidia hata ambaye hajatoka, madhali yumo katika hatari ya kukosa makazi ndani ya siku 56. Inaweza kuzungumza na mwenye nyumba. Inaweza pia kumsaidia kupata nyumba nyingine ya mtu binafsi, na huenda ikamlipia dhamana na kodi ya mwanzo, kwani wengi huimudu kodi ya mwezi lakini hushindwa na fedha za kuvukia kizingiti. Ninyi mnaodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hamhitaji kuelezwa hilo.

Kodi ya kila mwezi husaidiwa kupitia Universal Credit, yaani malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lakini kwa ukomo. Ukomo huo hukadiriwa kwa zile asilimia 30 za kodi zilizo rahisi zaidi katika eneo, tena uligandishwa tangu 2020 hadi 2024, huku kodi zenyewe zikipanda. Pengo linalobaki hulijaza mpangaji kutoka katika fedha za chakula.

Wapo waliotuuliza kama kupokea msaada huo si kuombaomba. Aliyestahiki kwa sheria na akasema kweli katika fomu hajaombaomba. Anayeandika uongo ni jambo jingine, nalo hatulifunikii. Na ambaye kibali chake cha kuishi kule kinamzuia kupokea fedha za umma asijaze fomu yoyote kabla ya kumwona mshauri wa sheria za uhamiaji, maana anaweza kukiponza kibali chenyewe.

Binti huyo alitueleza pia kwamba miongoni mwa wenye nyumba waliomfungia mlango mara waliposikia kuwa analipiwa kodi na serikali, walikuwamo ndugu zetu katika dini. Mwaka 2020 mahakama ya York iliamua kwamba kanuni ya jumla ya kuwakataa wapangaji wa namna hiyo ni ubaguzi usio halali. Inasikitisha kwamba Mwislamu angoje mahakama imfundishe hilo.

Kwa msaada wa washauri wa kujitolea, binti aliomba uamuzi wa kwanza upitiwe upya, nao ukabatilishwa. Wakati huo wote aliishi na watoto katika chumba kimoja cha hoteli. Kisha halmashauri ikampatia nyumba ya mtu binafsi katika mji mwingine, mbali na shule ya watoto na mbali na msikiti. Simu ikapigwa tena, na mjomba wake mmoja akasema kwa sauti ya kujiamini: akatae, wakimwona ana msimamo watampa nyumba ya serikali.

Safari hii tulinyamaza, tukamwambia aulize hukohuko kwanza. Jibu alilolipata ni hili: halmashauri inaruhusiwa kumaliza wajibu wake kwa kumpatia upangaji wa mtu binafsi, na akiikataa nyumba iliyohesabiwa kuwa inafaa, wajibu unakwisha palepale. Lakini anaweza kuikubali, akahamia, na ndani ya siku 21 akaomba ipitiwe upya kama kweli inafaa. Kukubali hakumnyimi haki ya kulalamika.

Alihamia. Hadi tunaandika haya ombi lake halijajibiwa, na wiki hii mzee ametuambia kwamba watoto watatu wamekwisha kupata shule, wa nne bado.